Mama Aliyemwachia Binti Yake Njia

Watu wengi waliosoma habari za Kanisa la kale humjua Basil Mkuu, aliyekuwa askofu wa Kaisaria katika Kapadokia mwaka 370, na ndugu yake Gregory wa Nyssa. Mama yao Emmelia hutajwa kwa sentensi moja tu, kana kwamba watoto wale walijilea wenyewe. Mimi naona si haki.

Emmelia aliishi karne ya 4, katika nchi ambayo leo ni sehemu ya Uturuki. Alikuwa yatima, tena mzuri wa sura mno, hata wachumba wakawa tayari kumteka. Kwa kuchelea hayo aliolewa na mwalimu mmoja wa ufasaha, mtu wa heshima. Mama mkwe wake alikuwa amejificha misituni Ponto yapata miaka saba wakati Wakristo walipoteswa. Kwa hiyo nyumba aliyoingia haikuwa ya Wakristo wa jina tu.

Mumewe alifariki wakati kitinda mimba wao, Peter, alipozaliwa. Mjane akabaki na wana wanne na mabinti watano, na mashamba katika majimbo matatu, hata akawa akilipa kodi kwa watawala watatu.

Binti yake wa kwanza, Macrina, alifiwa na mchumba kabla ya arusi, akakataa katakata kuposwa tena. Alikaa na mama yake, akimwokea mkate kwa mikono yake mwenyewe. Wengine husema sifa zote ni za huyu Macrina, kwani ndiye aliyemlea Peter, na ndiye aliyemtuliza Basil aliporudi kutoka masomoni Athens akijivunia elimu yake. Ni kweli. Lakini mama gani mwenye mali na cheo hukubali kuongozwa na mtoto aliyemzaa? Emmelia alikubali. Akaacha makuu, akala meza moja na vijakazi wake, akawahesabu kuwa dada zake.

Wala hakuwa mtu wa jiwe. Mwanawe Naucratius alikuwa akikaa kando ya mto Iris, akiwawindia wazee maskini chakula, na huko windoni akapatwa na mauti. Mama alikuwa mbali, mwendo wa siku tatu. Habari zilipomfikia alianguka, pumzi na sauti vikamkatika. Gregory, ambaye ndiye aliyeyaandika haya katika kitabu cha maisha ya dada yake, hakuificha habari hiyo, nami namshukuru.

Emmelia alipokuwa akifa, mzee sana, watoto wawili tu walikuwa kitandani pake, Macrina upande huu na Peter upande ule. Aliwabariki wote, hata wasiokuwapo. Kisha akawashika wawili wale, mmoja kwa kila mkono, akamwambia Mungu kwamba huyu wa kwanza ndiye limbuko lake, na huyu wa mwisho, wa kumi, ndiye zaka yake. Wakamzika katika kaburi la mumewe, kama alivyoagiza.