Aliuza Matairi Akanunua Muonekano: Prado ya Nshambya na Usiku wa Matope

Pale Nshambya kuna jamaa mmoja, jina liwekwe pembeni, mwenye Prado nyeusi. Wakazi wa mtaa ule wakisoma mpaka mwisho watamjua, lakini hapa lengo sio kumchamba mtu. Yaliyompata yanaweza kumpata yeyote mwenye gari, tena yeyote mwenye mama kijijini.

Prado ile haikushuka kutoka mbinguni. Jamaa alihangaika miaka na biashara ya kahawa na ndizi, mkewe akauza vitenge sokoni, wakachanga wote wawili mpaka gari likapatikana. Kwa hiyo ukweli usemwe: gari ni la watu wawili. Hilo ndilo jambo alilolisahau mapema kuliko yote.

Lilikuja na ringi za inchi 17 na matairi ya AT, yale ya njia zote, saizi 265/65R17, kashata bado nene kabisa. Jamaa akaliangalia wiki mbili, akasema limekaa kizee. Desemba ilikuwa inakaribia, na Bukoba mnaijua Desemba yake. Wahaya wa Dar wanarudi nyumbani, mji unajaa magari, kila mtu anataka aonekane naye yupo. Akapata ringi za inchi 20, zinameta kama sufuria jipya, na matairi mapana yenye ubavu mfupi, ya kutembelea lami.

Mkewe akamuuliza swali moja tu.

"Baba Junior, hizo ni za kwendea kwa nani? Kwa mama yako kuna lami?"

Akajibu kwa madaha, "Gari ni fowili, mama. Fowili haikwami."

Matairi ya zamani na ringi zake akamuuzia kijana mmoja wa Hamugembe mwenye Surf ya siku nyingi, anayepeleka bidhaa za duka vijijini Muleba. Picha zikapostiwa, sifa zikamiminika. Siku ya mechi akapaki karibu na Kaitaba, watoto wakawa wanajitazama sura kwenye ringi. Mkewe hakusema tena.

Mwezi wa kumi na moja mvua ikakolea. Usiku mmoja, saa mbili hivi, simu ikapigwa kutoka kijijini, upande wa Kamachumu. Mama wa jamaa ni mgonjwa wa sukari, mguu ulikuwa na kidonda, na sasa anaongea maneno yasiyoeleweka. Wakatoka mbio yeye na mkewe. Mpaka Kemondo gari lilikuwa linateleza kwa raha juu ya lami. Wakafika Muhutwe, wakakata kupanda juu. Kazi ilikuwa kile kipande cha mwisho, njia nyembamba ya udongo mwekundu kati ya migomba, kinashuka hadi uwani kwa bibi.

Kushuka walishuka. Wakamlaza bibi kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya mkwewe. Kupanda sasa, gari likakataa. Matairi yote manne yanazunguka, matope yanaruka, gari lenyewe linarudi nyuma kidogo kidogo. Jamaa akakanyaga mafuta kwa hasira. Prado ikajilaza upande, tairi la nyuma likaingia mtaroni, likakutana na jiwe. Ubavu ukapasuka hapo hapo.

Majirani wakaja na tochi. Wakafunga miti na shuka, wakambeba bibi mabegani kwenye mvua, gari la mwanae likibaki limewasha taa kwenye mtaro. Bibi alikuwa ameshawatangazia kitongoji kizima kwamba mwanangu kanunua gari kubwa. Akafungua macho kidogo, akauliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, gari lako lina nini?"

Jamaa hakuwa na jibu.

Walipofika barabara ya juu, taa za gari zikatokea. Ni ile Surf ya Hamugembe, inarudi kushusha mzigo. Bukoba ndogo jamani. Kijana akasimama bila kuuliza mara mbili, bibi akapakiwa, wakafika hospitali. Njiani jamaa alikuwa anasikia chini yake mlio wa matairi yake mwenyewe. Kijana, bila ubaya wowote, akamwambia, "Kaka, haya matairi yako tangu nimeyafunga hayajaniangusha."

Bibi alipona, ila kidole kimoja cha mguu kilikatwa. Kidonda kilikuwa cha muda mrefu, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema ni sababu ya kuchelewa. Lakini jamaa anajua wapi mama yake alikuwa wakati ule ambao angeshafika.

Baada ya hapo ndipo akaenda kununua matairi, na hapa wengi wanakosea mara ya pili. Dukani akaoneshwa MT, tairi la matope lenye kashata kama matofali. Muuzaji akamwambia, "Bosi, hizi ndo za kibabe." Akataka kulipa. Mkewe akamshika mkono, akamwambia twende kwanza kwa yule mzee wa pancha wa Rwamishenye.

Mzee hakuuliza gari ni gani. Aliuliza, "Kwa wiki unaendesha wapi?"

Jamaa akahesabu. Nshambya hadi mjini kila siku, lami. Kijijini mara mbili kwa mwezi. Msimu wa kahawa, mashambani.

Mzee akamfafanulia. Tairi la HT ni la lami: kimya, laini, halili sana mafuta, ila kwenye matope ni ndala kwenye sakafu ya sabuni. MT lina mapengo mapana yanayotema tope, lakini kwenye lami linanguruma, linakula mafuta, linaisha haraka, na breki zake kwenye lami yenye maji sio za kutegemea sana. AT lipo katikati. "Wewe umetoka kwenye kiatu cha harusi, sasa unataka buti la jeshi," akamwambia. "Unachohitaji ni raba."

Na fowili je? Mzee akacheka. Fowili inazungusha matairi, haiyapi meno.

Kisha akamwonesha namba za ubavuni. Kwenye 265/65R17, tairi lina upana wa milimita 265, na ubavu ni asilimia 65 ya huo upana, yaani kama sentimita 17. Yale ya inchi 20 yalikuwa 265/50R20, ubavu sentimita 13 tu. Kwa kimo cha nje yanakaribia kulingana, kwa hiyo ringi ilivyokua, mpira ndio uliopungua. Ule mpira ndio unaomeza jiwe badala ya ringi kulipokea.

Jamaa akasema hela aliyonayo inatosha mawili, afunge nyuma. Mzee akakataa katakata. Prado ile miguu yote inavuta muda wote. Ukichanganya matairi yenye kimo tofauti, mengine yanazunguka haraka kuliko mengine, na difu ya katikati ndiyo inayoumia. Manne yafanane, na spea iwe saizi hiyo hiyo.

Vipi ya mtumba? Mzee akachukua moja lenye kashata nzuri, akamwambia asome tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT. Ilikuwa 3011, wiki ya 30 ya mwaka 2011. Akalikunja kwa dole gumba, nyufa ndogo ndogo zikajitokeza. "Kashata inakudanganya. Mpira unazeeka hata ukikaa stoo." Akamwonesha pia namba ya mzigo, 112, maana yake tairi moja linabeba kilo 1,120, asikubali la chini ya lile gari lilivyotengenezewa. Na upepo afuate stika ya mlangoni. Kwenye matope apunguze kidogo, ila ajaze tena kabla ya kukimbia kwenye lami.

Mwisho akamwonya, "Hata AT sio muujiza. Udongo ule ukilowa sana kashata zinajaa. Ukiona hapapandiki, acha gari juu, shuka kwa miguu."

Hela iliyopungua aliitoa mkewe, kwenye mtaji wa vitenge. Alisema neno moja, "Hizi ni za mama," na sharti moja, zile za inchi 20 ziuzwe. Ziliuzwa kwa hasara. Wakanunua AT mpya manne na spea, 265/65R17, saizi ile ile gari lilivyokuja nayo.

Desemba ilipofika, Prado haikuonekana Kaitaba. Ilikuwa kijijini, imejaa matope hadi madirishani. Bibi alikuwa kiti cha mbele, mguu umefungwa bendeji, senene za kukaanga mapajani, anawapungia majirani wale wale waliombeba. Gari likapanda kile kilima polepole, halikuteleza. Safari hii aliyeshika usukani alikuwa mke.

Sasa mtaa bado unabishana. Wapo wanaosema jamaa kashushwa, gari limerudi kuwa la kizee. Wapo wanaosema ndo kwanza amenunua gari. Wewe uko upande gani? Na kabla hujajibu, tembea hadi nje, usome zile tarakimu nne kwenye tairi lako. Halafu jiulize njia ya kwenda kwa mama yako ikoje mvua ikinyesha.