Ramani Zilipotoka Kabatini

Nilipoanza kazi ya mipango miji Dar es Salaam, ramani zilikuwa mali ya masjala. Zilifungiwa kwenye makabati ya chuma, na aliyetaka nakala, hata awe mhandisi wa idara iliyo ghorofa ya juu, aliandika barua, akalipia, akasubiri. Mwongozo mkuu ulikuwa Mpango Kabambe wa 1979, uliotungwa kwa upeo wa miaka 20. Muda wake ukapita, jiji likaendelea kutanuka: sensa ya 2002 ilihesabu watu karibu milioni 2.5 mkoani, ya 2012 ikahesabu zaidi ya milioni 4.3. Tandale, Manzese na Vingunguti, kulikobanana watu, kwenye michoro yetu yalikuwa maeneo yaliyopakwa rangi moja na kuandikwa "makazi holela". Hakuna njia, hakuna kisima, hakuna jina la mtaa.

Desemba 2011 Mto Msimbazi ulifurika. Makumi ya watu walikufa, na familia za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Wakubwa walitaka kujua nyumba ngapi ziko kwenye njia ya maji, mtaro upi unamwaga wapi, kalvati gani limeziba. Hapakuwa na faili lenye majibu hayo.

Mwaka huohuo wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walikuwa wameingia Tandale na vifaa vya GPS, wakatembea na wenyeji, wakaichora kata yao na kuiweka kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia nzima ambayo yeyote anaweza kuisoma, kuirekebisha na kuichukua bure. Mwaka 2015 kazi hiyo ikapanuka kwa jina la Ramani Huria, kata baada ya kata. Ndege ndogo zisizo na rubani zilipiga picha kutoka juu, na kwa wageni hizo ndizo zilikuwa ajabu ya mradi. Mimi kilichonigusa ni kilichofanyika chini, kwa miguu.

Picha ya angani inakuonyesha paa. Haikuambii mtaa mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi. Mipaka hiyo ilikuwa vichwani mwa wajumbe wa mashina, wazee wanaojua mwembe upi ndio mpaka na nyumba ipi iko kwa nani. Vijana walikaa nao barazani, wakatandaza picha zilizochapishwa kwenye karatasi, mjumbe akapitisha kidole, wao wakafuata kwa kalamu. Walipima kina na upana wa mitaro, kisha wakawauliza waliokuwepo wakati wa mafuriko maji yalifika wapi ukutani. Takwimu hizo zilipoingizwa kwenye programu za bure kama QGIS na InaSAFE, tuliweza kukadiria, kabla ya masika, ni majengo mangapi yangezama.

Haikuwa rahisi kuaminiwa. Mapema 2016, nyumba nyingi za bonde la Msimbazi zilipigwa alama ya X kwa rangi nyekundu ili zibomolewe, na nyingine zilikuwa zimekwisha kubomolewa. Mama mmoja alituzuia mlangoni: "Baba, shikamoo. Hiyo karatasi ndiyo ya kutubomolea?" Lilikuwa swali la haki. Takwimu huria zinamfaa anayetaka kuweka mtaro, na zinamfaa pia anayetafuta wa kumwondoa. Nilimjibu kwamba ramani hii na yeye anaweza kuiona na kuitumia kudai, ile ya kabatini asingeiona kamwe. Alituruhusu kupima mtaro wa nyuma ya nyumba yake, ila alisimama nasi mpaka tukamaliza.

Mwaka 2018, mpango wa bonde la Msimbazi ulipokuwa ukijadiliwa, wakazi waliketi meza moja na wahandisi. Wakazi waliweza kuonyesha kwenye ramani mahali maji yanapopita, na mhandisi akalazimika kueleza kwa nini mstari wake haukupita hapo. Katika kazi yangu yote, hilo ndilo badiliko nililolithamini kuliko mashine zote.

Tatizo la sasa ni kwamba ramani huzeeka. Mitaro iliyopimwa miaka ile, mingine imejengewa ukuta, mingine imejaa mchanga. Miradi ya wafadhili ina mwisho, na vijana waliofundishwa wanatafuta kazi nyingine. Halmashauri inayotenga fedha za kuzibua mitaro kila mwaka itenge pia za kuwarudisha vijana hao mitaani, wakae tena na wajumbe kabla mvua za masika hazijaanza.