Dakika 20 za Kujipima

Ninaishi Atlabara, hapa Juba. Nyumba zetu zimebanana, na habari hupita ua hadi ua kabla chai haijachemka. Mtu akionekana anasubiri kupimwa VVU, jioni atakuwa ameshapewa ugonjwa hata kama hana. Ndiyo maana kipimo cha kujipima mwenyewe kilinivutia. Shirika la Afya Duniani lilikipendekeza mwaka 2016, na Kenya ikakizindua mwaka 2017. Changu nililetewa na dada yangu kutoka Nairobi.

Kukitumia si kazi. Unapitisha kijiti kwenye ufizi wa juu na wa chini, unakitumbukiza katika kichupa chenye maji ya dawa, kisha unasubiri dakika 20. Hakitafuti virusi vyenyewe, bali kingamwili. Ukitokea mstari mmoja, kingamwili hazikuonekana. Ikitokea miwili, sharti uende kituo cha afya upimwe tena ili kuthibitisha.

Kazi ni kusubiri. Nilifunga mlango nikidhani majirani wamebaki nje, kumbe nimeingia nao. Nilisikia minong'ono yao, nikamwona mama analia, nikapanga hata mahali pa kuficha vidonge. Hakuna aliyenituhumu, hakimu nilikuwa mimi. Unyanyapaa tunaoukemea darasani hauhitaji macho ya watu. Unajua kuishi ndani ya mtu.

Dada alikuwa ameniambia, "Mdogo wangu, usifungue pakiti kabla hujajua utampigia nani." Dakika ya 12 nilimpigia. Hakunihubiria. Aliniuliza nimekula nini, tukazungumza mpaka muda ukaisha.

Mstari ulikuwa mmoja. Badala ya kushangilia, nikakitilia shaka kipimo. Na ingekuwa miwili, ningekitilia shaka vilevile. Kliniki, shaka hiyo hubebwa na mshauri nasaha, anayekueleza kwamba maambukizi mapya huenda yasionekane, hivyo urudie baada ya miezi 3. Nyumbani, karatasi ya maelezo inasema hayohayo, lakini karatasi haina sauti.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Wengine humtupia methali hii anayejipima kwa siri. Mimi naona wanakosea: anayejipima anayatafuta maradhi, hayafichi. Mlango na aufunge, ni haki yake. Ila awe na namba ya mtu mmoja karibu.