Simu Isiyo na Laini

Kwetu Garissa simu haifi, huhamishwa kazi. Zamani afisa wa serikali akikosana na wakubwa wake Nairobi aliletwa huku Kaskazini Mashariki kama adhabu, na simu nazo zinakuja hivyo hivyo. Zikishachoka mikononi mwa mtu wa Eastleigh zinapanda basi, zinapita Mwingi, zinavuka daraja la Tana, zinaanza maisha ya pili. (Sisi pia tuliwapa kitu: Garissa Lodge, ile nyumba ya wageni ya Eastleigh ambayo vyumba vyake viligeuzwa maduka miaka ya 1990, na watu wengi wanaitaja kama mwanzo wa biashara yote ile. Jina letu, pesa zao.)

Ukitafuta mtandaoni jinsi ya kutumia simu ya zamani, utaambiwa uifanye kamera ya ulinzi, au fremu ya picha, au rimoti ya televisheni. Ni ushauri mzuri kwa mtu ambaye stima yake haipotei na waifai yake imelipiwa mwezi mzima. Wewe jaribu hiyo kamera ya ulinzi Bulla Iftin saa tisa mchana, joto limepita nyuzi 35 na stima imeenda, halafu uniambie umeona nini.

Chukua mulika mwizi. Nokia 1100 ilitoka mwaka wa 2003 na inasemekana ziliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani kote. Sidhani aliyeibuni alimfikiria abti wangu, lakini ni kama alimpimia. Mimi namwita abti, kaka ya mama, naye ananiita abti vilevile. Kwa Wasomali jina hilo huenda na kurudi. Ndugu wa ile 1100, yenye tochi kichwani, iko naye malishoni upande wa Balambala. Simu yenyewe ni yake na si yake, kwa sababu anayebaki na mifugo ndiye anayebaki nayo. Inamulika mbuzi anayezaa usiku. Inamulika nge baada ya mvua. Asubuhi abti anapanda kichuguu kimoja anachokijua yeye, anapata vijiti viwili vya mtandao, anauliza bei ya beberu soko la mifugo la Garissa kabla ya kumwamini dalali yeyote. Akiuza, pesa zinaingia M-Pesa kwenye simu hiyo hiyo.

Na mtandao ukipotea? Huko karibu na mpaka milingoti ya simu imelipuliwa si mara moja, na mlingoti ukianguka kijiji kinaweza kukaa kimya muda mrefu. Hapo ndipo unajua simu ni nini ukiitoa kupiga na kupigiwa: tochi, saa, kikotoo cha kugawana pesa bila ugomvi. Betri nayo ina maisha yake. Ile ya BL-5C, ya volti 3.7, ndiyo inayoingia kwenye redio nyingi ndogo za Kichina, kwa hivyo simu ikifa kabisa betri yake inahamia kwenye redio, na wazee wanaendelea kusikiliza Idhaa ya Kisomali ya BBC kama walivyosikiliza wazazi wao tangu 1957. Nilimuuliza abti simu yake ya kwanza iko wapi. Akaelekeza kidole kwenye redio.

Mjini kazi hii ya kuhamisha inafanywa na mafundi. Kuna mmoja ninayemjua Suq Mugdi, soko ambalo jina lake maana yake ni giza, na yeye kweli anafanya kazi kwa mwanga wa simu za wateja. Ana droo tatu. Ya kwanza ina spika, ya pili ina vioo, ya tatu hafungui mbele ya watu. Ukimpelekea simu iliyozama majini hakwambii imekufa. Anakwambia, "Hii itasaidia wengine."

Lakini nilitaka kusema juu ya yangu.

Niliinunua ikiwa imeshatumika, mwaka wangu wa kwanza chuoni, smatifoni yenye ufa kuanzia kona ya juu hadi katikati. Mwaka wa pili niliacha chuo. Mvua zilikataa misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022, na karo yangu ilikuwa inatembea kwa miguu minne. Ng'ombe walipoisha, karo iliisha. Nilirudi nyumbani na begi moja na hiyo simu, na kwa miaka miwili niliandika kila kitu juu yake kwa dole gumba: makala za kulipwa, makala za kutolipwa, barua za kuombea watu basari. Halafu ikaacha kusoma laini. Fundi wa droo tatu aliifungua, akapuliza, akafunga. Manze, alisema, kazi ya kuongea na watu imeisha.

Nilipata nyingine. Ile ya zamani nikaanza kuitumia kurekodi nyanya yangu.

Ayeeyo hakupenda mwanzoni. Alishika simu, akaigeuza, akauliza laini iko wapi. Nikamwambia haina. "Sasa ayeeyo, niongee na nani?" (Yeye pia ananiita ayeeyo; mtu akitusikia tukiitana anaweza kudhani nyumba ina mabibi wawili.) Nikasema ongea tu, itakaa ndani. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, aah, kumbe ni kaseti.

Hapo nilikaa chini. Sikuwa nimefikiria kaseti. Miaka ya 1980 kaka yake alikuwa kibarua Saudia, na Wasomali wengi hawakuandikiana barua, walitumiana kaseti. Maandishi ya Kisomali kwa herufi za Kilatini yalikuwa yameanza rasmi kule Somalia mwaka wa 1972 tu, na ayeeyo hakuwahi kukaa darasani. Kaseti ikifika, jirani mwenye redio anaitwa, chai inapikwa, watu wanakaa kwenye mikeka kusikiliza mtu aliye mbali akisalimia kila mmoja kwa jina. Wakimaliza wanageuza upande wa pili na kurekodi majibu. Anakumbuka kwamba ukitaka kujibu ilibidi ufute. Sauti ya kaka yake waliifuta hivyo, mwaka baada ya mwaka, kwa sababu kaseti mpya ilikuwa ghali. Haipo hata moja.

Kwa hivyo alipouliza kama hii nayo inafuta, nilimwonyesha. Sauti ya Jumatatu ipo. Ya Jumanne ipo. Akaamini.

Alianza na mambo mepesi: ngamia wa baba yake kwa majina, na aina za nyasi. Siku ya nne aliniambia nifunge mlango. Akaanza kusema kuhusu Novemba 1980. Mwaka huo mtaa wa Bulla Kartasi ulichomwa na vikosi vya usalama, na watu wa mji walikusanywa kwenye uwanja wa shule ya msingi na kuwekwa pale siku kadhaa bila chakula wala maji. Hayo si siri. Yamo kwenye ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyokabidhiwa Rais mwezi Mei 2013. Ayeeyo alikuwa na miaka kama ishirini, mjamzito. Mimi nimezaliwa na kukulia mji huu, nimecheza mpira kwenye vumbi lake, na nyumbani kwetu sikuwahi kusikia mwaka huo ukitajwa kwa sauti ya kawaida.

Aliongea dakika hamsini. Alipomaliza aliuliza kitu kimoja: hii inaweza kwenda WhatsApp?

Nikamwambia haiwezi. Haina laini, haina bando, waifai yake ilikufa pamoja na ule ufa. Ili itoke humo ni lazima mtu aichukue mkononi na kuichomoa kwa waya. Akasema vizuri, basi kesho tutaendelea. Simu yangu mpya, ile yenye kila kitu, hataki hata iwe chumbani tukirekodi. Nimeiacha jikoni mara nyingi kiasi kwamba hooyo anaitumia kutimia vipimo vya unga. Ameniruhusu kuandika kwamba alisema. Alichosema kitabaki pale kilipo hadi atakapotaka vingine.

Kuna shida, bila shaka. Simu ina gigabaiti nane, na nusu imeliwa na programu zisizofutika. Mwezi wa tatu kifuniko cha nyuma kilianza kuinuka. Betri ya lithiamu ikizeeka hutoa gesi ndani na kuvimba, na joto la Garissa linaiharakisha. Ukiitoboa inaweza kushika moto. Niliipeleka Suq Mugdi ikiwa imefungwa kwa kitambaa, nikakaa pale pale kwenye stuli, sikuondoka hata kwa chai. Fundi alifungua droo ya tatu. Kumbe ndimo anamoweka betri nzuri. Alinitoza shilingi mia sita na hakuuliza kilichomo, ingawa aliniona nimeishika mapaja yake mawili kama mtu aliyebeba yai.

Rekodi zote sasa zina nakala kwenye kadi ndogo, na kadi iko ndani ya mkebe wa ayeeyo pamoja na kitambulisho chake. Tumefika rekodi ya thelathini na moja. Wiki iliyopita aliniita saa nne usiku, stima imepotea, akaniambia niwashe kaseti. Alikuwa amekumbuka jina la mtoto wa jirani yao wa Bulla Kartasi, lile alilokuwa amelisahau siku ya nne, na hakutaka kulala kabla halijaingia.