Mzee, Mwanawe na Mbuyu Wenye X Nyekundu

Ukitoka Shinyanga mjini kwenda Mwanza unaipita Maganzo kwa lami, na ukiwa na haraka huioni vizuri. Maduka, mama ntilie, vijana wa bodaboda, wanunuzi wa almasi waliokaa kimya kuliko wote. Pembeni kidogo ndiko Mwadui, na hadithi yake kila mtoto wa hapo anaijua: Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, mwaka 1940, almasi chini ya mbuyu. Mwaka 1947 ikatoka ile ya rangi ya waridi, karati 54 na nusu, akazawadiwa Elizabeth kwenye harusi yake kabla hajawa malkia.

Basi kuna mzee mmoja naye ana mbuyu wake. Haujatoa almasi hata moja. Chini yake wamelala babu yake, baba yake na mkewe. Zamani mvua zikigoma ukoo ulikutana hapo kutambika. Siku hizi wengi wameokoka, hawaji tena, ila hakuna aliyethubutu kuugusa kwa shoka.

Mwaka jana wakaja watu wa kupima barabara ya kutoka lami kuingia vijijini. Wakapigilia vigingi, wakachora X nyekundu kwenye gome, kama wanavyochora vibanda vya chipsi.

Mzee akagoma. Aliyemshangaza ni mwanawe wa kwanza, dereva wa bajaji, aliyemjibu mbele ya watu: "Baba, hii barabara mimi naitaka."

Na ana sababu. Wasiojua udongo wa mbuga waulize watu wa Shinyanga. Ukinyeshewa unashika tairi mpaka halizunguki. Usiku mmoja wa masika presha ilimpanda mama yake. Bodaboda ikanasa, wakambeba kitandani, kukapambazuka hawajaifikia lami. Alifia njiani. "Barabara ingekuwepo, mama angekuwepo," kijana akasema.

"Ndiyo maana sitaki ipite juu yake," mzee akajibu, akaingia ndani.

Wiki nzima hawakusemeshana zaidi ya "mwangaluka" ya asubuhi. Baba wadogo ndio kwanza walianza hesabu za fidia, maana sheria ya kuhamisha makaburi ipo tangu 1969, na marehemu hawana saini ya kuweka. Aibu kidogo, lakini njaa nayo ni njaa.

Binti yake aliyeolewa Nairobi akamtumia picha ya mugumo mkubwa wa Westlands, kando ya Waiyaki Way. Mwaka 2020 ulikuwa ung'olewe kupisha barabara ya juu ya kilomita 27 kutoka Mlolongo. Watu wakapiga kelele, na Novemba mwaka huohuo serikali ikatangaza kwamba mti unabaki. Barabara ilijengwa na magari yanapita. Mzee aliiangalia ile picha kwenye simu mpaka chaji ikaisha.

Dada akaongeza na kesi ya Serengeti: mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha, mwaka 2014, ilizuia lami kukatiza hifadhini. Hapo kaka mtu akacheka kwa uchungu. "Nyumbu wana mahakama. Mama hakuwa hata na ambulensi."

Kusema kweli, hilo halina jibu jepesi. Wapo watu wa upande wa Loliondo na Mugumu walioisubiri barabara ile kwa hamu kama dereva huyu.

Siku ya mkutano mzee alisimama na fimbo yake. Wengi walitegemea laana. Akasema hapingi barabara, anaomba ikunje kona, na shamba lake la pamba la upande wa pili wachukue bure, hataki hata shilingi ya fidia. Mtaalamu akajibu kistaarabu kwamba kona ni gharama, atalifikisha kwa wakubwa. Majibu hayajaja mpaka leo, na ile X bado ipo.

Kesho yake alfajiri mzee akatoka na kumkuta mwanawe katikati ya pamba, suruali imekunjwa magotini, anahesabu hatua. Kwapani ana vigingi alivyochonga mwenyewe usiku.

"Wakikunjia hapa, baba, hata lori linapita. Na mama hatulali naye chini ya matairi."

Mzee akatazama mstari ule, akautazama mbuyu.

"Inakula mistari mingapi ya pamba?"

"Kumi na miwili."

"Kigongelee hicho kigingi vizuri, kimelegea."