Lori Lililokuwa Limesimama

6 Juni 2023, Voi
Mteja mpya: dereva wa lori, yuko nje kwa dhamana. Shtaka ni kusababisha kifo, kifungu cha 46 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403. Hata kabla hajaketi vizuri akaniuliza, "Mwanangu, injini nimezima, mimi nimelala kebini. Nimeua vipi?"

Ekseli ilivunjika usiku, kati ya Maungu na hapa. Nusu ya lori ikabaki juu ya lami. Mtu wa bodaboda akaja kuligonga kwa nyuma, akafa papo hapo.

Watu hudhani kifungu hicho ni cha wenye mbio. Kimetaja pia anayeliacha gari barabarani mahali, au katika hali, inayohatarisha umma. Adhabu ni ileile: kifungo kisichozidi miaka 10. Anayeendesha kwa hatari asiue mtu hushtakiwa kwa kifungu cha 47, na huko kuna nafasi ya faini. Kwenye 46 faini haikutajwa.

8 Juni
Picha za polisi zimefika. Matawi mabichi ya mgunga yametandazwa nyuma ya lori, hatua chache tu kutoka kwenye bampa. Moja limeshakanyagwa na matairi. Vibandiko vya kuakisi mwanga vimefunikwa na vumbi la saruji, rangi nyekundu haionekani.

"Pembetatu za tahadhari ziko wapi?"
"Ziliibwa Mariakani. Nilimwambia tajiri, mwenye lori, akasema tutanunua tukirudi."

Matawi aliyatandaza utingo. Madereva wote hufanya hivyo, anasema. Kweli, na mchana angalau huonekana. Usiku tawi halina mwanga wa kumrudishia mtu.

13 Juni
Mkubwa wangu ameniletea uamuzi wa 1975, shauri la Atito. Msingi wake: haitoshi hali kuwa ya hatari, lazima kuwe na kosa la dereva lililoileta hali hiyo. Nilifurahi, kwa kuwa ekseli kuvunjika si kosa lake.

Kisha nikarudia maelezo yake ya polisi. Lori lilikwama saa tano usiku. Ajali ni saa tisa. Katikati hapo alikula, akalala. Hakumtuma utingo asimame nyuma na tochi, hakupiga simu kuomba lori lisogezwe, hakufuta hata vile vibandiko. Hoja yetu ina nguvu saa tano. Kufikia saa tisa imekwisha.

20 Juni
Kesi imetajwa, imepewa tarehe. Nje, mama wa marehemu amenifuata: "Akifungwa huyu, wajukuu wangu watapata nini?" Nikamwambia mimi ni wakili wa upande wa pili, atafute wake, tena mapema. Sikuweza kusema zaidi. Jela haimlipi mtu. Fidia ni kesi ya madai, na humo tajiri anaweza kujibu pamoja na dereva wake. Hukumu ya jinai ikishakuwa ya mwisho, kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi huifanya kuwa thibitisho kwamba aliyehukumiwa ana hatia. Ila bima ya lazima, Sura ya 405, ina kikomo: shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Kinachozidi hapo kinatafutwa mifukoni mwa wenyewe.

Dereva naye ana lake. Akipatikana na hatia, kifungu cha 46 kinamnyima leseni miaka 3. Ameniuliza: si itakuwa inapita akiwa ndani? Hapana. Akifungwa, inaanza kuhesabiwa siku anayotoka. Alinyamaza, kisha akasema hajui kazi nyingine.

Jina la tajiri halimo kwenye hati ya mashtaka. Aliambiwa pembetatu hazipo, bado akaliruhusu lori liendelee na safari. Hilo halimwondolei dereva hatia, lakini hakimu anayepima adhabu anapaswa kulisikia. Nimemwagiza mteja alete simu yake bila kufuta ujumbe wowote wa siku ile ya Mariakani.