Kikapu cha Mzee

Mwaka ule nilipotoka shule ya Biblia, kanisa lilinituma katika kijiji kimoja upande wa mto Lufira. Nilikuwa kijana mwenye moto. Mzee mmoja, wa jamaa ya machefu wa zamani, akaomba ubatizo. Nikamwambia: «Baba, leta kwanza bintu byote bya giza biko mu nyumba.» Akaleta kikapu. Ndani mulikuwa shoka ndogo ya kale, mpini wake umejaa misumari ya chuma. Bangili mbili za mukuba. Na ganda moja jeupe la mviringo, lenye kamba ya kuvaa shingoni. Akaniuliza kwa sauti ya chini: «Mwana, na hivi pia?» Nikajibu ndiyo. Tukawasha moto mbele ya watu wote, tukaimba. Mpini uliwaka vizuri. Ganda lilikataa kuwaka, likapasuka tu.

Wapendwa wasomaji, miaka mingi ilipita mbele nijue ni nini nilichoma.

Kule Sanga, kando ya ziwa Kisale, watu wa elimu walianza kuchimba makaburi ya kale mwaka wa 1957. Katika makaburi mengine, ya zaidi ya miaka 1000, waliona wakubwa wamezikwa pamoja na shoka zenye misumari kwenye mpini, kabisa sawa ile ya mzee wangu. Waliona pia fuawe, ni kusema kile chuma ambacho mhunzi anapigia kazi juu yake. Shoka zile hazikuwa za kupasua kuni. Kati ya Waluba, mfalme na mhunzi walikuwa sawa ndugu, na vyombo vya mmoja vilikuwa heshima ya mwingine. Na mukuba ulikuwepo: bangili, mikufu, mikanda. Lakini kule Kisale hakuna mukuba! Ulitoka huku kwetu kusini, katika vilima hivi hivi ambavyo baba zenu na waume zenu wanachimba. Sisi tumezoea kuhesabu mukuba kwa tani. Wale waliuvalisha wakubwa wao mpaka kaburini.

Ganda njo lilinisumbua zaidi. Ni kitako cha konokono wa bahari, na kutoka Lufira mpaka baharini ni miezi ya kutembea kwa mguu. Wengine wanaliita mpande. Mwaka wa 1854 Livingstone alipewa moja na chefu Shinte, na aliandika kwamba kwa mawili mtu aliweza kununua mtumwa. Fikirini: muntu muzima kwa maganda mawili! Kwa hiyo sisemi kwamba kila kitu ndani ya kikapu kile kilikuwa kisafi. Msiri wa Bunkeya aliuza pembe za tembo na mukuba, aliuza na watu, na kwa njia ile vitambaa na bunduki viliingia kutoka Angola na kutoka Zanzibar. Chefu aliyevaa ngozi akaanza kujifunga nguo ya mbali. Kiisha wafanyabiashara wa Ulaya, kwa kuona namna ganda linapendwa, wakatengeneza mengine ya udongo mweupe, ule wa sahani.

Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891. Chini ya wazungu, Leta ikawa inawapa machefu medali na mnyororo wake. Shingo ilikuwa ile ile, lakini hapa mimi naona badiliko kubwa kuliko yote: ganda, chefu alilivikwa na wazee wa jamaa yake, medali, aliipata kwa mtu aliyeweza kuinyanganya kesho. Baada yake tulimwona Mobutu na kofia yake ya chui na fimbo, na watu wakakatazwa tai. Baba yangu alificha tai yake moja chini ya sanduku mpaka Aprili 1990.

Siku moja nilikuwa nafundisha Kutoka 28, mavazi ya Haruni: mawe kumi na mawili, dhahabu, kengele. Nilisifu kila uzi. Nikiwa katikati, nikakumbuka kile kikapu, na maneno yakanikauka mdomoni.

Nikarudi kijijini. Mzee alikuwa amekwisha kufa, na ilikuwa siku ya kumsimika mpwa wake kuwa chefu. Waliniomba nifanye sala. Mabegani alikuwa na kitambaa cha soko chenye madoadoa ya chui. Shingoni alivaa kiduara cheupe. Nilipokaribia niliona kimekatwa kwenye bido ya mafuta. Aliona ninakitazama.

«Baba Pasta,» akasema kwa upole, «ile ya kweli unajua kwenye ilibakia.»